Kadi ya Buluu: shajara ya kutengeneza rangi adimu kwa mkono

Lengo la mradi

Ninatengeneza kadi moja kubwa yenye vipande vya buluu, kila kipande kwa njia yake ya zamani, kabla viwanda havijaifanya rangi hii kuwa kitu cha kawaida. Kando ya kila kipande kuna safu mbili. Ya kwanza inaeleza kilichotumika kuipata: malighafi, moto, saa za kazi. Ya pili inaeleza watu waliipa maana gani. Nashuku kwamba safu ya pili inaifuata ya kwanza, na kwamba buluu iliyotoka mlima mmoja wa mbali haikuweza kumaanisha kile kile ilichomaanisha buluu iliyoota shambani. Ndiyo maana nataka kuzitengeneza, si kuzisoma tu.

Uadimu wenyewe unahitaji kuwekwa sawa kabla hatujaanza. Mbingu na bahari zimejaa buluu, lakini hakuna aliyechota bahari kwa ndoo akapata rangi ya kutia nguo. Nyekundu na manjano huokotwa. Udongo wenye chuma uko karibu kila mahali, na katika pango la Blombos, Afrika Kusini, watu walikuwa wakiusaga kuwa rangi miaka 100,000 iliyopita. Kuta za pango la Lascaux, Ufaransa, zina nyekundu, manjano, kahawia na nyeusi. Buluu hakuna. Wale wachoraji waliiona kila siku juu ya vichwa vyao, na hawakuwa na chembe yake mkononi.

Kwa anayetaka kunakili kazi hii: vipimo nitaviandika, hatua za kawaida nitazipita haraka, na palipoharibika nitakaa hapo mpaka pajulikane pameharibika kwa nini.

9 Februari: unyoya na bawa

Nimeanza na wanyama, maana kwao buluu inaonekana kama ya bure. Nilipata manyoya ya buluu yaliyodondoka kwa kasuku mkubwa wa jenasi ya Ara. Unyoya mmoja niliukata vipande nikausaga kinuni. Kilichobaki ni vumbi la kahawia. Mwingine niliuinua mbele ya taa ili mwanga upite kutoka nyuma, na wenyewe ukawa wa kahawia.

Ndani ya unyoya ule hamna rangi ya buluu hata kidogo. Keratini yake, yaani kitu kile kile kinachounda kucha, ina matundu madogo mno, yaliyopangika kwa namna inayorudisha machoni mawimbi mafupi ya mwanga, na mengine huingia ndani na kumezwa na melanini nyeusi iliyo chini. Ukiyaponda yale matundu, rangi nayo inakwisha. Bawa la kipepeo wa jenasi ya Morpho lilionyesha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Tone la spiriti liligeuza buluu kuwa kijani palepale, na spiriti ilipokauka buluu ikarudi. Kimiminika kilikuwa kimejaza nafasi za hewa katikati ya matabaka ya magamba, mwanga ukapinda tofauti. Hata macho ya buluu ya binadamu hayana rangi ya buluu ndani yake.

Wapo wanyama wachache wenye chembe halisi za buluu. Samaki aitwaye Synchiropus splendidus ana seli maalumu za kubeba rangi hiyo, na vipepeo wa jenasi ya Nessaea nao wana buluu ya kweli mabawani. Orodha haiendi mbali zaidi.

Mimea ilinipa kazi fupi. Chini ya moja ya kumi ya spishi zinazochanua maua hutoa maua ya buluu, na karibu zote huipata kwa kugeuza antosianini, jamii ile ile ya rangi inayotoa nyekundu na zambarau, kwa msaada wa madini au kiwango cha asidi. Haidranjea hupata buluu yake pale udongo wenye asidi unapoliachia alumini likapanda hadi kwenye ua. Nilikamua petali za buluu juu ya karatasi, na kufikia asubuhi doa lilikuwa zambarau ya kijivu. Haliingii kwenye kadi.

Safu ya maana: kwa kuwa buluu ya unyoya haikamuliki, walioitaka iliwabidi watumie unyoya wenyewe. Mafundi wa China walikata manyoya ya mdiria na kuyabandika kipande kwa kipande juu ya fedha iliyopakwa dhahabu, na taji za malikia wa enzi ya Ming zimefunikwa hivyo. Nilibandika kipande cha unyoya mzima kwenye kadi, kwa gundi chache sana, kwa sababu gundi nyingi ikipenya inaufuta ule mng'aro.

22 Februari: azuriti

Azuriti ni madini ya shaba, kabonati yenye maji, na ndiyo buluu iliyopakwa zaidi na wachoraji wa Ulaya katika Zama za Kati. Inaonekana pia katika mapango ya Dunhuang, China. Kazi yake ni kusaga, kuchekecha, kuosha kwa maji na kuacha chembe zitue.

Shida yake iko kwenye kusaga. Mazoea ya rangi za udongo ni kwamba unga laini ndio bora, na nilisaga hivyo. Azuriti ikawa samawati iliyochujuka, karibu na kijivu. Rangi ya fuwele hizi inategemea mwanga usafiri ndani ya chembe kabla haujarudi, na chembe ikiwa ndogo mno mwanga haupati safari ya kutosha. Dawa ni kuacha kusaga mapema, unga ukiwa bado na ukali wa mchanga mwembamba kati ya vidole, kisha kutenganisha kwa maji: koroga, hesabu pumzi chache, mimina maji ya juu kwenye beseni la pili, kisha la tatu. Beseni la kwanza linabaki na buluu nzito, la mwisho na samawati. Wachoraji wa Japani huuza na kununua madaraja haya kama rangi tofauti, ingawa jiwe ni moja.

Unga mnene una adha yake: haushiki karatasi kwa gundi hafifu. Niliongeza gundi ya mgunga na kupaka matabaka membamba, kila moja likikauka kwanza.

Gharama: gramu 60 za jiwe zilitoa takriban gramu 14 za buluu nzito. Kinachobaki hakitupwi, kwani samawati nayo ina kazi yake kwenye mbingu za picha.

15 Machi: lapisi lazuli

Hapa ndipo mradi ulipokwama kwa muda mrefu kuliko popote, na naona ni haki yake.

Jiwe hili limechimbwa Sar-e-Sang, Badakhshan, nchini Afghanistan, kwa zaidi ya miaka 6,000. Lilisafiri mpaka Uru, Mesopotamia, likazikwa na wafalme yapata mwaka 2500 KK. Lilifika Misri, na ndilo lililozungushiwa macho na kuchorea nyusi za kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun. Kwa karne nyingi, buluu nzuri ya picha za Ulaya ilitoka kwenye bonde hilo moja la milimani.

Nilisaga gramu 200, nikiwa nimevaa barakoa, na hilo nasisitiza kwa sababu vumbi la mawe halitoki mapafuni. Jiwe zima lilikuwa buluu ya kina. Unga wake ukawa kijivu. Sababu ni kwamba jiwe hili ni mchanganyiko: lazuriti ndiyo yenye rangi, lakini imeshikana na kalisaiti nyeupe na pairiti inayometameta kama dhahabu, na vyote vinaposagika pamoja weupe unaimeza buluu. Kuosha kwa maji, njia iliyoitendea haki azuriti, hakukubadilisha kitu. Uzito wa chembe za lazuriti na kalisaiti umekaribiana mno.

Njia inayofanya kazi imeandikwa na Cennino Cennini, mchoraji wa Italia, yapata mwaka 1400. Kwa ratili moja ya unga wa jiwe anataka wakia 6 za utomvu wa msonobari, wakia 3 za mastiki (utomvu wa mti mwingine) na wakia 3 za nta mpya. Viyeyushwe, vichujwe, unga ukandwe humo mpaka liwe donge moja. Donge likae siku tatu na usiku wake kwa uchache, likikandwa kila siku kwa mikono iliyopakwa mafuta ya kitani. Kisha likandwe ndani ya maji ya majivu. Nta na utomvu hushikilia uchafu, ila lazuriti hupenda maji na hujitoa taratibu, ikitua chini ya bakuli.

Kwangu haikujitoa. Donge la kwanza lilikuwa gumu kama mfupa, na nililikanda kwa vijiti viwili hadi mikono ikafa ganzi, maji yakabaki meupe. Utomvu niliotumia ulikuwa mkavu kuliko ule ambao fundi wa kale angekuwa nao. Nililiyeyusha tena donge kwa moto mdogo, nikaongeza nta na matone ya mafuta ya kitani mpaka likakubali kubonyea kwa kidole.

Halafu likaja tatizo la upande wa pili. Nilipasha maji ya majivu yakawa moto sana, nta ikaanza kuyeyuka, juu kukawa na utando wa maziwa na chini buluu iliyopakaa mafuta. Tena maji yenyewe yalikuwa makali, na majivu makali hugeuza nta kuwa sabuni. Marekebisho yaliyofanikiwa ni haya, na ndiyo sehemu ya kunakili: maji ya majivu yazimuliwe mpaka yateleze kidogo tu vidoleni (vaa glavu, na ujaribu kwa haraka kisha unawe), yawe ya uvuguvugu, si ya moto, na donge likandwe polepole bila kupasuliwa. Buluu ilianza kuvuja kama uzi mwembamba, kisha ikawa wingu.

Bakuli la kwanza lilitoa buluu ambayo sijaiona kwenye kitu kingine chochote nilichowahi kushika, buluu yenye wekundu wa mbali ndani yake. La pili likapungua. La tatu lilitoa kijivu cha buluu, ambacho wachoraji walikiita majivu ya ultramarini (ultramarini ni jina la rangi hii ya lapisi) na kukitumia kwenye vivuli. Mabaki ya mafuta niliyaondoa kwa kuosha unga kwa maji ya majivu mapya na kumalizia na spiriti. Punje kidogo niliitilia tone la asidi: rangi ikafifia na harufu ya yai viza ikatoka. Ndiyo dalili kwamba ni yenyewe, kwa sababu buluu hii hutokana na salfa iliyofungiwa ndani ya fuwele.

Gharama: kutoka gramu 200, unga wa daraja la kwanza haukufika gramu 5.

Safu ya maana ilijiandika yenyewe. Mwaka 1485 Domenico Ghirlandaio alitia saini mkataba wa kuchora picha ya altare kwa ajili ya hospitali ya watoto yatima ya Florence, na mkataba ulitaja kwamba buluu iwe ultramarini ya thamani ya takriban florini nne kwa wakia. Rangi ilipimwa kabla ya sanaa. Mwaka 1508 mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer, katika barua zake kwa mteja Jakob Heller, alilalamikia ughali wa buluu hiyo hiyo. Vazi la Bikira Maria lilipopakwa ultramarini, waumini waliona mbingu na usafi, na waliona pia kwamba kilichowekwa pale ni kitu cha gharama kubwa kuliko vyote vilivyokuwemo kwenye picha. Sadaka ilikuwa ndani ya rangi yenyewe.

Uadimu huo uliondolewa kwa makusudi. Mwaka 1824 chama kimoja cha kukuza viwanda nchini Ufaransa kilitangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kwa bei nafuu, na mwaka 1828 ikaenda kwa Jean-Baptiste Guimet. Udongo mweupe, soda, salfa na makaa, ndani ya tanuri, vinatoa rangi ile ile kikemia. Niliweka kipande cha kiwandani kando ya changu. Cha kiwandani ni sawasawa kila mahali. Changu kina chembe kubwa na ndogo, na mwanga hucheza juu yake.

18 Aprili: nili

Nili ni ya aina nyingine kabisa. Haitoki jiweni, hutoka kwenye majani mabichi ya mmea ambao ukiutazama hauoni buluu popote. Jamii za mimea yenye nili zimeota katika mabara mengi, na kitambaa cha pamba kilichotiwa nili kimepatikana Huaca Prieta, Peru, kikiwa na umri wa miaka 6,000 hivi.

Nili ikishakuwa buluu haiyeyuki majini, kwa hiyo haiwezi kuingia kwenye uzi. Lazima kwanza inyang'anywe oksijeni ndani ya maji yenye chokaa au magadi, igeuke rangi ya manjano-kijani na kuyeyuka, iingie kwenye nyuzi, kisha irudishiwe hewa. Nilitumia uwiano rahisi: sehemu 1 ya nili, 2 za chokaa, 3 za sukari ya matunda.

Pipa la kwanza lilikataa kugeuka. Maji yalibaki buluu ya matope. Kitambaa kikatoka na rangi iliyokaa juu tu na kuondoka yote kwenye suuza. Kilichokosekana ni joto. Nilipolipasha kufikia nyuzi 50 za Selsiasi na kuliacha bila kulikoroga kwa nguvu (kukoroga huingiza hewa, na hewa ndiyo tunayoikimbia), ukajitokeza utando wa rangi ya shaba juu, na chini yake maji safi ya rangi ya kaharabu. Asiyeona utando huo asitumbukize nguo.

Tatizo la pili: madoa meusi kwenye kitambaa, kwa sababu ya masimbi ya chokaa yaliyotua chini. Wavu uliotandazwa juu ya masimbi ulimaliza hilo.

Tatizo la tatu lilinifundisha zaidi. Niliacha kitambaa kikae ndani kwa muda mrefu ili kikolee kwa mara moja. Kilikolea kweli, lakini kilipokauka kilipaka vidole. Tabaka nene la nje halikuwa limeshika nyuzi. Njia sahihi ni kutumbukiza kifupi, kutoa, kukiacha hewani mpaka kijani kigeuke buluu, kisha kurudia, mara nyingi kadiri unavyotaka kina. Mwishoni suuza yenye siki kidogo huua chokaa.

Lakini kile nilichokihesabu kuwa kasoro, Watuareg wa Sahara wanakithamini. Vitambaa vyao vya kilemba, vingi vikitiwa nili Kano, Nigeria, hupigwa kwa nyundo za mbao pamoja na unga wa nili mpaka ving'ae, na rangi huhamia usoni mwa mvaaji. Buluu ile ya ngozi ni alama ya mwenye uwezo. Kwa hiyo nilikiweka kitambaa changu kinachopaka kwenye kadi pia, ndani ya bahasha ya plastiki, na kuandika chini yake maana yake.

Hapa dhana yangu ya mwanzo ilihitaji kurekebishwa. Nilidhani nili, kwa kuwa huota, ingekuwa buluu ya watu wa kawaida. Ndivyo ilivyo kwenye suruali za kazi: hataza ya Levi Strauss na Jacob Davis ya kutia ribiti za shaba kwenye suruali ni ya Mei 20, 1873, na denimu yake ilitiwa nili. Lakini mahali pengine nili hiyo hiyo huvaliwa na wakubwa. Tofauti iko kwenye idadi ya machovyo. Samawati hupatikana kwa mchovyo mmoja. Buluu inayokaribia weusi inakula nili nyingi na mikono ya mtu kwa muda mrefu. Safu ya kwanza, basi, isihesabu mahali ilikotoka tu. Ihesabu kazi.

Na kazi hiyo haikuwa ya hiari siku zote. Huko Bengal, wakulima waliolazimishwa kulima nili badala ya chakula waliasi mwaka 1859. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ilianza kuuza nili ya maabara, kazi iliyojengwa juu ya utafiti wa Adolf von Baeyer, na mashamba ya India yakaporomoka. Kipande cha nili kwenye kadi kina mistari mingi kuliko vingine, na sikutaka kukifupisha.

24 Mei: buluu ya Misri

Hii ndiyo rangi ya kwanza ya kutengenezwa na binadamu, tangu milenia ya tatu KK. Wamisri waliipenda lapisi lazuli, nayo ilikuwa mbali, basi wakaunda buluu yao kwa mchanga, chokaa, shaba na magadi.

Nilichanganya unga wa mchanga mweupe, chokaa na oksidi ya shaba kwa uwiano wa molekuli 4:1:1, na magadi kidogo ya kusaidia kuyeyusha. Tanuri lilipanda kupita nyuzi 1,080. Nilitoa kioo cha kijani. Fuwele za buluu hii huvunjika joto likizidi, na shaba ikiyeyukia kwenye kioo inakuwa kijani. Mchomo uliofuata ulikaa nyuzi 900 kwa saa nyingi, na tanuri lenye hewa ya kutosha, kwa sababu hewa ikikosekana shaba hugeuka nyekundu. Ikatoka buluu yenye mabaka meupe: mchanga ambao haukukutana na shaba. Dawa ilikuwa kusaga yote upya na kuchoma tena kwa joto lile lile. Sasa mabaka yameisha.

Jaribio la kuthibitisha linafurahisha mno. Buluu ya Misri ikimulikwa kwa mwanga mwekundu hutoa mwanga wa infraredi, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 910 hivi, ambao jicho halioni. Kamera iliyoondolewa kichujio cha infraredi inauona: unga wangu uling'aa mweupe gizani. Kwa njia hiyo, katika jumba la British Museum, mabaki ya rangi hii yamegunduliwa kwenye mkanda wa sanamu ya Iris, mungu wa kike wa Wagiriki, kutoka hekalu la Parthenon, jiwe ambalo kwa macho ni jeupe tupu.

Maana: miungu ya Misri ilipakwa buluu hii, na Amuni akapewa ngozi yake. Waroma wakaichukua ikawa ya kuta za nyumba, na mwandishi wao Vitruvius akaandika jinsi ilivyotengenezwa katika mji wa Puteoli. Buluu ilipoanza kutoka tanurini kwa wingi, ilishuka kutoka kwa miungu mpaka sebuleni. Baadaye ufundi huo ukafifia na kupotea Ulaya.

20 Juni: buluu ya Prusia

Ilitokea Berlin yapata mwaka 1706, mtengeneza rangi Diesbach alipokuwa akitafuta nyekundu na potashi yake ikawa imechafuliwa. Mimi niliipata kwa sayanotaipu, njia ya picha ya John Herschel ya mwaka 1842: sitrati ya chuma na amonia, gramu 20 kwa mililita 100 za maji, na ferisayanidi ya potasiamu, gramu 8 kwa mililita 100, zikichanganywa nusu kwa nusu, zikapakwa karatasini mbali na jua.

Picha za mwanzo zilitoka vizuri juani na kutoweka kwenye beseni. Karatasi ilikuwa ile inayotiwa chokaa kiwandani ili isizeeke, na chokaa huivunja buluu hii. Karatasi isiyo na chokaa, na suuza ya kwanza yenye siki kidogo, vilitatua yote. Anayenakili aulize hilo kabla ya kununua karatasi.

Gharama ni ndogo kuliko zote: dakika chache, jua na maji. Na maana yake ni ya namna hiyo. Mwaka 1843 Anna Atkins alianza kutoa kitabu cha mwani kwa picha za sayanotaipu, cha kwanza duniani kuwa na picha za mwanga. Wahandisi walinakili ramani za majengo kwayo. Hokusai na wachapishaji wenzake wa Japani waliijazia bahari na mbingu miaka ya 1830. Hakuna aliyeitolea sadaka, bali kila mtu aliitumia. Na kuna jambo linalostahili heshima zaidi ya hayo: hutolewa kama dawa kwa waliomeza thaliamu au sesiamu yenye mionzi, na ilitumika kwa walioathiriwa na sesiamu huko Goiânia, Brazili, mwaka 1987.

12 Agosti: jaribio la jua

Kila kipande nilikifunika nusu na kukiacha dirishani penye jua kali. Azuriti, ultramarini na buluu ya Misri hazikutikisika. Nili ilipungua kidogo kwenye kitambaa chepesi, lakini kilichochovywa mara nyingi kilistahimili. Sayanotaipu ilipauka hadi nikataka kuichapa upya, ila nilipoiweka kabatini gizani ilirudi karibu yote, kwani oksijeni inairudishia rangi yake. Isitupwe mapema.

6 Septemba: buluu ya Maya

Kipande cha mwisho kwa sasa. Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati, walichanganya nili na udongo uitwao paligoskaiti na kuupasha moto. Udongo huo una vijia vyembamba ambamo molekuli ya nili huingia na kufungwa.

Mchanganyiko wa baridi haukufaa. Ulikuwa na rangi nzuri, lakini spiriti iliiondoa nili yote, maana ilikuwa imepakwa nje tu. Kwa nili ya asilimia 2 ya uzito, ikisagwa pamoja na udongo ikiwa kavu na kupashwa nyuzi 150 kwa saa kadhaa, rangi iligeuka kuelekea feruzi na spiriti ikatoka safi. Asidi ile iliyoiua ultramarini haikuifanya kitu.

Hapa malighafi haikuwa adimu: mmea wa nili na udongo. Adimu yalikuwa maarifa ya kuviunganisha. Chini ya kisima kitakatifu cha Chichen Itza, ambako sadaka zilizopakwa buluu hii zilitupwa kwa ajili ya mvua, kulikutwa tabaka la matope ya buluu lenye unene wa zaidi ya mita 4.

Kilichobaki ni tekheleti, buluu ya nyuzi za pindo za Wayahudi, inayotoka kwenye konokono wa baharini Hexaplex trunculus. Rangi yake hutoka zambarau isipokuwa pipa likiwa limenyang'anywa oksijeni na kuwekwa juani, ndipo bromini inaondoka na kubaki nili. Nafasi yake kwenye kadi iko wazi, na sitaijaza mpaka nipate konokono waliovuliwa kwa sababu nyingine. Kwa anayeanza mradi huu leo, mpangilio ninaoupendekeza ni sayanotaipu kwanza, halafu nili, azuriti, buluu ya Maya, tanuri, na lapisi lazuli mwisho, mikono ikiwa imekwisha kuzoea.